Bingwa Alivyoumbuka kwa Nguo ya Kuazima

Wiki hii naomba tuwaache kidogo majirani na wapenzi wao wapumue. Vuta stuli, tukae kwenye ubao.

Usigune. Najua wengine mkisikia neno sataranji mnafunua haraka ukurasa wa pili mkatafute katuni. Subirini kwanza. Kisa hiki kina dola, kina kiburi, kina fitina, na mwisho wake mwanaume mzima, bingwa aliyeogopwa dunia nzima, anainuka kitini akitupa mikono hewani kama mtu aliyeibiwa pochi ndani ya daladala. Na balaa lote hilo lilichukua kama saa moja tu.

Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi methali hii nilifundishwa shule, nikaiandikia na insha, nikapata na vema yangu. Lakini kuielewa sikuielewa mpaka nilipokuja kusoma habari za Garry Kasparov na siku aliyoamua kuvaa nguo isiyo yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, Mei 11, 1997, mjini New York, Marekani, ghorofa ya 35. Upande mmoja wa meza ameketi Kasparov. Upande wa pili ameketi fundi wa kompyuta ambaye kazi yake ilikuwa kusogeza kete vile skrini inavyomwambia. Mchezaji mwenyewe hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya kampuni ya IBM iitwayo Deep Blue, makabati mawili meusi yenye uwezo wa kupima hali milioni 200 za mchezo kwa sekunde moja. Yaani wewe ukikuna kichwa mara moja, mwenzio keshapitia nchi nzima na kurudi.

Kwa asiyeujua mchezo, nitasema kwa ufupi nisikuchoshe. Ubao una vyumba 64 kama ule wa drafti. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane wanaopangwa mbele kama ukuta. Ukimbana mfalme wa mwenzio akakosa pa kukimbilia, umeshinda. Basi.

Sasa zile hatua za mwanzo kabisa ndizo zinazoitwa ufunguzi. Huko hakuna kubahatisha. Watu wameandika vitabu juu ya vitabu kuhusu ufunguzi, na kila mtindo una jina lake kama mitindo ya nywele. Ukisogeza hivi ni Sisilia, ukisogeza vile ni Kifaransa, ukigeuza kidogo ni kitu kingine. Lakini majina yote hayo chini yake kuna mambo matatu tu: shika katikati ya ubao, watoe farasi na maaskofu wako nje wafanye kazi, na mfalme wako mfiche pembeni kabla mvua haijanyesha. Ukiyafanya hayo matatu, hata kama hujui jina la mtindo, utaishi. Usipoyafanya, hata kama unajua majina yote, utalia. Yashike haya matatu, tutayarudia baadaye.

Huyu Kasparov ni nani? Kazaliwa Baku, Azerbaijan, mwaka 1963. Mwaka 1985, akiwa na miaka 22, alimvua ubingwa wa dunia Anatoly Karpov, akawa bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia. Toka hapo mpaka mwaka huo wa 1997 hakuwahi kushindwa pambano na mtu. Alikuwa mchezaji wa kushambulia, mtu wa moto. Ukimfungulia kwa askari wa mfalme, mara nyingi atakujibu kwa Sisilia, mtindo wa vurugu, mtindo wa kusema kama ni noma na iwe noma. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo yake, imeshonwa kwa kipimo chake.

Na mashine hii haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1996 walikutana Philadelphia katika pambano la michezo sita. Mchezo wa kwanza mashine ikashinda, watu wakapigwa butwaa. Kasparov akajifuta jasho, akaisoma, akamaliza kwa 4 kwa 2. Mafundi wa IBM wakarudi nayo nyumbani wakaifungua, wakaifunga, wakaiongezea kasi, wakatafuta na mabingwa wa sataranji wa kuinoa. Mwaka uliofuata wakarudi na zawadi mezani: dola 700,000 kwa mshindi na dola 400,000 kwa atakayeshindwa.

Hapo ndipo kijana wa Baku alipoanza kuwaza sana. Akajiambia, mashine hii imemezeshwa vitabu vyote vya ufunguzi. Nikicheza mitindo yangu inayojulikana itakuwa inasoma majibu tu. Dawa yake ni kuiingiza njia za vichochoroni, ambako vitabu vyake havifiki, ili ilazimike kufikiri yenyewe. Ukisikia hivyo unasema jamaa ana akili. Na kweli ana akili. Lakini angalia kilichotokea.

Mchezo wa kwanza, Mei 3, akaanza kwa utulivu usio wake na akashinda. Mchezo wa pili akapoteza, na huo nitaurudia sasa hivi maana ndio ulioleta sumu. Mchezo wa tatu, Kasparov ana kete nyeupe, yaani yeye ndiye anayeanza, na hiyo ni faida. Unajua alifanya nini? Akamsukuma askari wa mbele ya malkia chumba kimoja tu. Kimoja! Mabingwa humsukuma viwili, wanapiga mlango kwa ngumi. Yeye akabisha hodi kwa ukucha. Bingwa wa dunia anafungua kama mtu anayejifunza. Yote hiyo alikuwa anajificha. Ikaisha sare. Wa nne sare. Wa tano sare. Mpaka hapo kila mmoja ana pointi 2.5, umebaki mchezo mmoja.

Sasa turudi kwenye ule wa pili. Mei 4, mashine ilicheza kwa subira iliyomshtua kila mtu. Badala ya kurukia kete za bure, ikamkaba pole pole kama chatu. Kasparov akaona hapa hakuna maisha, akasalimu amri. Kesho yake wasaidizi wake wakamwambia maneno ya kuvunja moyo: bosi, ulikuwa na njia ya sare pale. Ungeweza kumtishia mfalme wake kwa malkia, tena na tena, bila mwisho, mkagawana pointi.

Msomaji, hebu jiweke hapo. Umekataa tamaa wakati mlango ulikuwa wazi. Kuanzia siku hiyo Kasparov hakuwa anapigana tena na kompyuta. Alikuwa anapigana na nafsi yake. Akaanza kushuku kuwa nyuma ya pazia kuna binadamu anaisaidia mashine, akadai aonyeshwe karatasi za kumbukumbu zake. IBM wakakanusha kuwa hakuna mtu. Fitina ikawa fitina. Magazeti yakapata cha kuuza.

Basi tukafika Jumapili ile ya mwisho. Mashine ina kete nyeupe. Ikafungua kwa kumsukuma askari wa mfalme vyumba viwili. Dunia nzima inasubiri Kasparov ajibu kwa Sisilia yake. Yeye akamsogeza askari mmoja mdogo wa upande wa malkia, chumba kimoja. Hiyo inaitwa Caro-Kann.

Jina hilo linatokana na mabwana wawili, Horatio Caro na Marcus Kann, walioandika habari za mtindo huo mwaka 1886. Ni mtindo wa watu wapole. Unajenga ukuta imara, unangoja, unamchosha mwenzio. Ni mtindo mzuri sana kwa mtu wa aina hiyo. Na ujue basi, katika miaka ile mtu aliyeutumia sana kuliko mabingwa wengine wakubwa ni Anatoly Karpov. Ndiyo, yule yule hasimu wake! Watu waliogombania ubingwa wa dunia mara tano kati ya mwaka 1984 na 1990. Kasparov alipokuwa kijana mdogo aliwahi kuvaa nguo hiyo, kisha akaiacha kwa kuwa haikumkaa. Leo, siku ya kufa na kupona, kaingia kwenye kabati la mpinzani wake wa siku zote na kutoka na koti lake.

Hatua zikaenda. Askari wa katikati wakalana. Farasi wa mashine akaruka mbele, akaruka tena, mpaka akasimama karibu kabisa na boma la Kasparov. Kasparov naye akawatoa farasi wake wote wawili. Mpaka hapo kila kitu kipo kitabuni, hakuna jipya. Ikafika hatua ya saba.

Hapo kwenye hatua ya saba mwenye nguo yake anajua la kufanya: kwanza unamtoa askofu wa upande wa mfalme, unamfungulia mfalme wako pumzi. Halafu, malkia wa mpinzani akishasogea, ndipo unamsukuma yule askari wa pembeni kumfukuza farasi msumbufu. Hatua ni zile zile mbili. Ila kuna ya kutangulia na kuna ya kufuata.

Kasparov akatanguliza ya pili. Akamsukuma askari wa pembeni kwanza, kumwambia farasi toka hapa.

Farasi hakutoka. Akaruka ndani! Akamla askari aliyekuwa mlinzi wa mlango wa mfalme, akajitoa mhanga. Ni kafara ya farasi mzima kwa askari mmoja. Ukiangalia kwa hesabu ya sokoni, mashine imepata hasara. Lakini mfalme wa Kasparov alikuwa bado katikati, askofu wake bado kafungiwa ndani, milango yote imeng'olewa. Yale mambo matatu niliyokuambia uyashike, Kasparov hakuwa na hata moja lililokamilika.

Akili zikaruka. Badala ya kumla farasi pale pale, akasogeza malkia mbele ya mfalme. Sasa malkia kaziba mlango, askofu hawezi kutoka, mfalme hawezi kujificha. Kama nyumba inaungua halafu mtu anaweka kabati mlangoni. Mashine ikamficha mfalme wake pembeni kwa raha zake. Kasparov akamla farasi, lakini kachelewa. Askofu wa mashine akaja akamtishia mfalme, mfalme akalazimika kutembea kwa miguu kuelekea upande wa malkia, mfalme mzima anatafuta pa kulala. Kuanzia hapo kila kete ya mashine ilikuwa inajua inakwenda wapi, na kila kete ya Kasparov ilikuwa inamkanyaga mwenzake.

Malkia wake hakumaliza mchezo. Alimbadilisha kwa ngome na askofu, na ukichanganya na yule farasi wa mwanzo, kwa kuhesabu tu Kasparov hakuwa maskini. Alikuwa na kete nyingi. Lakini kete zilikuwa zimebanana kama abiria wa saa moja jioni, na mfalme yuko uwanjani hana hata mwavuli. Mashine ikafanya hatua yake ya 19, askari mmoja tu anasogea mbele kufungua njia, na bingwa wa dunia akasalimu amri. Pointi 3.5 kwa 2.5. Kwa mara ya kwanza bingwa wa dunia anayetawala akawa kashindwa na kompyuta katika pambano la mashindano. Ndipo akainuka na ile mikono hewani.

Sasa kwa nini alitanguliza hatua ya pili? Hapa vijiwe viligawanyika. Wapo waliosema alichanganya tu, uchovu na mawazo, mpangilio ukampotea. Mwenyewe, katika kitabu chake alichokitoa mwaka 2017, alieleza kuwa alijua anachofanya. Alijua kafara ile ipo vitabuni. Ila aliamini kompyuta hazipendi kutoa kete bila kuona faida yake papo hapo, kwa hiyo mashine ingerudi nyuma yenyewe. Yaani alicheza kamari juu ya woga wa mwenzake.

Na hapa ndipo kisa kinapochoma. Miaka 12 baada ya mchezo, mwaka 2009, grandmasta wa Hispania, Miguel Illescas, aliyekuwa mmoja wa walioinoa Deep Blue, alisimulia kwamba asubuhi ya siku ile ile waliiingizia mashine maelekezo: mpinzani akimsukuma askari huyo wa pembeni, kula pale pale, usifikiri. Kwa hiyo wakati Kasparov anangoja kuona mashine itaamua nini, mashine haikuamua kitu. Ilikuwa inasoma ilichoandikiwa na watu kabla ya chakula cha mchana.

Ukichukua maelezo ya kwanza au ya pili, kwangu mimi yanafika kituo kimoja. Mtu aliye ndani ya nguo yake akikutana na kafara ile, anajua pa kukimbilia. Mtu aliye ndani ya nguo ya kuazima anatazama vifungo.

Nayajua haya kwa sababu yamenikuta. Nisikufiche.

Nilipomaliza shule nikakaa nyumbani mwaka mzima, nikawa mtaalamu wa kuchota maji na kubeba sufuria za watu kwenye shughuli. Siku moja nikaitwa kwenye usaili, kampuni moja mjini, siitaji. Mama akafurahi mpaka akawaambia majirani watatu, na kwetu kumwambia jirani mmoja kunatosha. Nikakimbia kwa rafiki yangu aliyeajiriwa siku nyingi. Nikaazima koti lake, nikaazima viatu vyake, na nikaazima majibu yake. Alinikalisha chini akaniandikia kwa ung'eng'e safi: swali la kwanza watakuuliza hivi, jibu hivi. La pili hivi. La tatu hivi. Usiku kucha nikakariri. Nilipokuwa natembea kwenda kituoni midomo inacheza, watu wakadhani nasali.

Nikaingia ndani. Mzee mmoja mwenye miwani akanitazama, akaanza na swali la tatu.

Msomaji, nikamjibu la kwanza. Naapa. Kaniuliza kwa nini nataka kazi ile, mimi nikamtajia jina langu, mahali nilipozaliwa na shule nilizosoma. Akatabasamu, akarudia swali pole pole kwa Kiswahili. Ilikuwa nafasi yangu. Angalau kwa Kiswahili nina la kusema, tena ninalo jingi. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa maneno ya rafiki yangu, yangu mwenyewe yamekosa pa kukaa. Nikamjibu la pili. Nilipotoka, jasho limelowanisha koti la watu mgongo mzima, na njiani nikawa nawaza mambo mawili: nitamwambia nini mama, na koti nitalirudishaje.

Kazi sikupata. Mama hakuniuliza sana. Aliniwekea chakula, akasema kuna siku nyingine. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kukosa kazi.

Kwa hiyo nilipoisoma habari ya hatua ya saba ya Kasparov, sikucheka. Nilimwonea huruma kama ndugu. Yeye dola 700,000, mimi mshahara wa karani, lakini kosa letu moja: tulibeba hatua za mtu bila kubeba sababu zake. Anayejua kwa nini askofu anatoka kwanza, hata umuulize usingizini hatachanganya. Aliyekariri tu kuwa kuna askofu na kuna askari, siku ya presha atatanguliza wa pembeni.

Najua yupo msomaji mmoja mbishi, kila wiki hakosi, ananyoosha kidole. Anasema: wewe mwandishi, kwa hiyo tusibadilike? Tubaki na nguo zetu za zamani mpaka zichanike? Swali zuri. Ngoja nikujibu kwa mchezo mwingine, nao ulikuwa wa sita vile vile.

Ni mwaka 1972, mjini Reykjavik, Iceland. Bobby Fischer wa Marekani anamkabili Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti, bingwa wa dunia. Fischer alianza vibaya ajabu: mchezo wa kwanza kafungwa, wa pili hakutokea kabisa, akapoteza pointi bila kucheza. Akapanda pole pole mpaka wakawa 2.5 kwa 2.5, hali ile ile ya Kasparov miaka 25 baadaye. Fischer huyu karibu maisha yake yote ya mashindano, akiwa na kete nyeupe, alikuwa anafungua kwa askari wa mfalme. Alikuwa akitamba kuwa hakuna kilicho bora zaidi. Kila mtu alijua, na Warusi walijiandaa kwa hilo.

Mchezo wa sita, Julai 23, Fischer akamsukuma askari mwingine kabisa, wa upande wa malkia. Ukumbi ukashtuka. Hatua chache baadaye mchezo ukaingia katika Gambiti ya Malkia, jina ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye ile tamthilia ya mwaka 2020 ya yule binti mcheza sataranji. Spassky akautumia ulinzi aliouzoea na kuupenda. Fischer akamfuata humo humo ndani, nyumbani kwake, akamfunga kwa mchezo mtamu kiasi kwamba watazamaji walipopiga makofi, Spassky mwenyewe naye akapiga. Umeona wapi? Umefungwa, na unampigia makofi aliyekufunga. Fischer akaongoza, na hakushikika tena mpaka akaondoka na ubingwa kwa 12.5 kwa 8.5.

Sasa hawa wawili wote walibadilisha nguo siku ya mchezo wa sita. Mmoja kaumbuka, mmoja kapigiwa makofi na mpinzani wake. Tofauti iko wapi? Fischer alikuwa na kiu ya vitabu isiyo ya kawaida, mtu aliyejifunza mpaka Kirusi ili asome magazeti ya sataranji ya Warusi. Ile nguo ilionekana mpya kwetu sisi watazamaji tu. Yeye alikuwa keshaijaribu chumbani kwake kwenye kioo, kaipunguza mikono, kaishonea na vifungo vipya. Alikwenda nayo kwa kuwa alikuwa na jambo la kufanya ndani yake. Kasparov aliivaa ili asionekane. Na nguo ya kujifichia, ndugu yangu, ndiyo inayowahi kuchanika.

Kwa hiyo simkatazi mtu kuazima. Hata hao wakubwa ufunguzi wao wote waliukuta, waliusoma kwa waliotangulia. Hakuna aliyezaliwa na Sisilia. Hata lugha hii ninayokuandikia niliiazima kwa mama yangu. Lakini ukiazima, kaa na kitu mpaka kizoee mwili wako. Uliza kwa nini hii inatangulia na ile inafuata. Mtongozaji aliyekariri maneno ya shairi la mtu anaishia pale binti anapouliza swali la pili. Kijana aliyefungua duka kwa kuwa jirani kafungua anaishia siku bei ya sukari inapopanda. Ufunguzi wa kukariri unakufikisha hatua ya saba. Kuanzia ya nane uko mwenyewe.

Na ukishaona umebanwa, usiwahi kusalimu amri kama ule mchezo wa pili. Tazama tena ubao. Mara nyingine kuna sare imekaa pale kimya, inangoja uione.

Deep Blue haikucheza tena. Kasparov aliomba marudiano, IBM wakakataa, mashine ikafunguliwa, na makabati yake yakaishia kwenye makumbusho huko Marekani, watoto wa shule wanapita wanaiangalia kama sisi tunavyoangalia mifupa ya mjusi mkubwa. Kasparov yeye aliinuka. Alirudi kwenye Sisilia yake, akarudi kushinda mashindano makubwa, akastaafu mwaka 2005 akiwa namba moja duniani. Alipovaa nguo yake, iliendelea kumkaa.

Mimi je? Nilipata usaili mwingine baadaye, kwa mhariri mmoja. Nilikwenda na shati langu mwenyewe, kola imeanza kuisha. Akaniuliza najua nini. Nikamwambia sijui mengi, ila nikiona jambo mtaani naweza kulisimulia mtu akaacha chai yake ikapoa. Akasema haya, simulia. Ndiyo haya unayoyasoma.

Koti la rafiki yangu nililifua, nikalipiga pasi, nikalirudisha. Mpaka leo anasema lina doa mgongoni.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Nitakuwa nimerudi kwa majirani.